Taarifa Mbichi ya Bi Sikudhani

Jina la nchi hii halitatajwa, wala msomaji asidhani kuna uoga. Ni kwamba jina lenyewe lilirekebishwa hivi karibuni, likaongezewa neno "Tukufu" mwishoni, na kwa mujibu wa sheria za huko, kitu kilichoguswa karibuni hakiruhusiwi kutumika mpaka kitulie. Basi tutaiita nchi tu, na wenyewe watajijua.

Sheria hiyo haikuletwa na wendawazimu. Ililetwa na watu wenye akili timamu, tena waliokula wakashiba. Kabla yake, taarifa za wananchi zilikuwa zikichezewa ovyo kwenye kompyuta za serikali. Wachezaji wa timu ya vijana walipungua umri kila msimu wa mashindano. Wazee waliokaribia kustaafu waliamka asubuhi wakajikuta wana nguvu za ujana, angalau kwa maandishi. Katibu Mkuu mmoja aliusogeza mbele mwaka wake wa kuzaliwa kidogo kidogo, hata siku moja ikagundulika kwamba amekuwa mdogo kuliko kitinda mimba wake, na yule mtoto akaanza kudai shikamoo. Hapo ndipo Bunge lilipoamua, kwa haki kabisa, kwamba kila taarifa iwe na tarehe mbili: tarehe ya kuingizwa, yaani siku taarifa ilipozaliwa ndani ya mashine, na tarehe ya kuguswa, yaani siku ilipobadilishwa mara ya mwisho. Mtu akichezea umri wake, tarehe ya kuguswa itamsema.

Wangeishia hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini Waziri wa Kumbukumbu na Utulivu, Mheshimiwa Dakta Majisifu, hakuwa mtu wa kuishia mahali. Alisimama bungeni akakohoa kikohozi cha kuwaamsha wenzake.

"Waheshimiwa," alisema, "maji ya kisima yakitibuliwa hayanywewi mpaka yatulie. Taarifa iliyoguswa jana, nani anajua imeguswa na mkono gani? Na iachwe! Na itulie! Mwezi mzima isitumike kwa jambo lolote!"

Wabunge walipiga meza. Hata waliokuwa bado usingizini walipiga, kwa mazoea.

Sasa, fundi aliyetengeneza mashine za serikali alikuwa ameweka swali moja la mwisho. Kila karani alipotaka kufunga taarifa ya mtu, mashine ilimuuliza: "Je, uhifadhi?" Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Aliyefungua kwa kusoma tu alitakiwa abonyeze Hapana akaendelea na shughuli zake. Lakini watu wa nchi ile wamelelewa. Hapana kavu kwao ni tusi. Mgeni akikaribishwa chakula naye ameshiba, hasemi hapana. Hushukuru, hunawa, humega tonge moja ili mwenyeji asione vibaya. Makarani nao wakaifanyia mashine adabu hiyo hiyo. Wakavu wa macho wachache walibonyeza Hapana siku za mwanzo, mpaka mmoja wao alipoitwa na wakubwa akaulizwa: "Serikali imekuuliza kama taarifa zake zihifadhiwe, nawe ukasema hapana. Ulitaka zipotee?" Akahamishiwa kituo cha kuhesabu viboko wa mtoni.

Tangu hapo, kila aliyefungua taarifa ya mtu, hata kwa kuchungulia jina, alibonyeza Ndiyo. Mashine ilihifadhi kwa utii, na tarehe ya kuguswa ikawa ya leo. Katika nchi nzima alibaki mwananchi mmoja tu ambaye taarifa yake isingeguswa kamwe, naye ni Rais, kwa kuwa hakuna karani aliyethubutu kuifungua. Ndiyo maana alisafiri sana.

*

Bi Sikudhani hakuwa na habari na mambo haya. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye kushona sare za shule katika mji wa mpakani. Dunia yake ilikuwa cherehani lake la miguu na binti yake Tunu, mtoto wa pekee, aliyeolewa ng'ambo ya mto katika nchi jirani kabla sheria hii haijatungwa. Kati ya nchi hizo mbili palikuwa na daraja moja, Daraja la Undugu. Kuingia kwa daraja hilo kulikuwa bure na kwa furaha. Kutoka kulihitaji kibali. Wasiotaka kibali walikuwa huru kuogelea, ila mamba wa mto ule walikuwa wameandikishwa kama watumishi wa muda wa Idara ya Mipaka.

Siku moja Tunu alipiga simu. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, na mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, huyu wa leo yuko huku kesho yuko kule.

"Mama, njoo unikalie," alisema Tunu. "Hii nayo ikitoka nikiwa peke yangu, sitanyanyuka tena. Nakuambia kweli."

"Nakuja, mwanangu. Mama yako si yupo?" Sikudhani alijibu, na kesho yake alfajiri akavaa kanga zake mpya akaenda ofisi ya wilaya kuomba kibali cha kutoka.

Kwenye Dirisha la Kwanza alikaa binti aitwaye Kuruthumu, mpole, mwenye hina mpaka kwenye viganja. Kazi ya dirisha lile ilikuwa kuangalia kama taarifa ya mwombaji imetulia. Kuruthumu aliandika jina, akatazama, uso ukamng'aa.

"Shikamoo mama! Hongera! Taarifa yako haijaguswa tangu ilipoingizwa. Sijapata kuona iliyotulia namna hii!" Mashine ikamuuliza kama ahifadhi, naye akabonyeza Ndiyo kwa heshima zote. "Nenda Dirisha la Pili wakuhakikie, upewe kibali chako."

Kwenye Dirisha la Pili alikaa mkuu wa ofisi, Bwana Chitete, mtu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukatalia. Naye alifungua taarifa ile ile. Kisha akavaa ile ya pili.

"Mama, taarifa yako mbichi. Imeguswa leo."

"Leo? Imeguswa na nani?"

"Na Dirisha la Kwanza."

"Si hapo nilipotoka sasa hivi? Yule binti alifungua aone kama imetulia."

"Akaona imetulia?"

"Akaona imetulia."

"Basi akaitibua," alisema Bwana Chitete kwa huruma ya kweli, akabonyeza Ndiyo, akaifunga. "Rudi baada ya mwezi."

Sikudhani alirudi baada ya mwezi. Kuruthumu alifungua akamshangilia tena kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Bwana Chitete alifungua baada yake, akakuta imeguswa leo, akasikitika. Mara hii Sikudhani hakuondoka kimya.

"Bwana mkubwa, hebu tuelezane kama watu wazima. Mimi sigusi kitu. Wanaogusa ni nyinyi wenyewe."

"Ndiyo maana tuko makini, mama," alijibu Bwana Chitete. "Sisi tunajijua."

"Sasa kuna mtu yeyote aliyewahi kupata kibali hapa?"

Bwana Chitete alifikiri. Alikuwa mkweli, sifa iliyomchelewesha sana kupandishwa cheo. "Yupo mmoja. Alipotea njia akaja dirisha hili bila kupitia lile. Tukalazimika kumpa, lakini tulirekebisha dosari hiyo. Si unaona ile kamba?"

Sikudhani aliitazama kamba. Ilikuwa nzuri, ya katani, mpya. Nyuma yake walijipanga watu wengi wenye safari, na wote walikuwa wapole, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba shida yake ni ya kwake peke yake na itakwisha mwezi ujao. Sikudhani akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia mbele za watu bila kujifunika uso.

*

Kuruthumu alimkuta hapo alipotoka kununua maandazi. Akachuchumaa kando yake.

"Mama, mjukuu anatarajiwa lini?"

"Akijaaliwa, kabla miezi miwili haijaisha."

Binti alitazama huku na huku. "Nisikilize. Mwezi ukiisha, njoo kwangu. Mimi nitagonga muhuri kwamba nimeona imetulia, lakini sitaifungua. Nitakuamini kwa uso wako. Bwana Chitete atakuwa wa kwanza kuifungua, ataikuta shwari. Ila kwa mwezi wote huo, mama yangu, taarifa yako isifunguliwe na mtu yeyote, popote. Ikifunguliwa hata mara moja, tumekwisha. Na mimi nikijulikana, nitakwenda kuhesabu viboko."

"Mungu akulipe, mwanangu. Kukaa kimya nitashindwa?"

Alidhani ni jambo dogo, maana tangu mashine zije hakuwahi kupatwa na la kumpeleka ofisi yoyote ila hii. Kumbe katika nchi ile, kuishi kwenyewe kulikuwa kufunguliwa taarifa. Homa ilimpata juma la kwanza, na zahanati hawakuona mgonjwa bila kufungua taarifa yake kwanza, hivyo akajifungia ndani akanywa mwarobaini mpaka masikio yakavuma. Vyandarua vya bure vilipogawiwa, alisema hapendi vyandarua. Kisha wezi wakavunja mlango alipokuwa kisimani, wakaondoka na cherehani.

"Twende polisi!" jirani yake alimhimiza. "Nimewaona kwa macho yangu. Yule mrefu ni wa mtaa wa pili, namjua mpaka mama yake!"

"Aah, lilikuwa limechoka," alisema Sikudhani. "Waache walipumzishe."

Jirani alimtazama kama aliyepagawa. Polisi, kama ijulikanavyo, hufungua kwanza taarifa ya mlalamikaji, ili wajue ni mtu wa namna gani huyu anayeibiwa.

Lililomuuma kuliko cherehani ni msiba wa Bi Mosi, shoga yake wa tangu usichana, ambaye walinyoana nywele na kufichiana siri za waume. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amesimama mlangoni na kompyuta yake ndogo ya mkononi, akiingiza jina la kila aliyefika kuzika, kwa ajili ya takwimu za mshikamano. Sikudhani alibaki chumbani kwake, akasikia sauti za kina mama zikipita barabarani, akajiziba mdomo kwa kanga. Watu walisema amekuwa na roho mbaya, na hakuwa na namna ya kujitetea. Aliendelea kukaa gizani na mlango wake uliovunjwa, akinywa uji, akiwa mfungwa wa nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Alijipa moyo kwa jambo moja tu: Tunu alikuwa akipiga simu na kusema mtoto anacheza.

*

Siku chache kabla ya mwezi kutimia, lilikuja gari lenye kipaza sauti. Ilikuwa Wiki ya Utulivu Kitaifa, na Mheshimiwa Dakta Majisifu mwenyewe alikuwa amefika wilayani. Wizara ilikuwa imeiagiza mashine itaje, pasipo kufungua taarifa ya yeyote, mwananchi ambaye taarifa yake imetulia kuliko za wenzake wote wilayani. Wengine wote walikuwa wameguswa juma lile. Mashine ilitaja jina moja.

Vijana wa itifaki walimtoa Sikudhani nyumbani kwake na kanga ya ndani, wakampandisha jukwaani uwanja wa mpira. Mbele yake palitandikwa shuka kubwa jeupe la kuonyeshea picha. Chini ya jukwaa alimwona Kuruthumu katika safu ya watumishi, ameshika kichwa. Bwana Chitete alikuwa anapiga makofi.

"Ndugu wananchi!" Waziri alinguruma. "Wapo wanaosema nchi yetu haina utulivu. Mimi nawauliza, utulivu gani mwingine wanautaka? Mtazameni mama huyu! Hajaugua! Hajaibiwa! Hajafiwa! Hajalalamika! Serikali haijamsikia, wala yeye hajasikika kwa lolote baya! Huyu ndiye raia tuliyekuwa tunamtafuta tangu uhuru!"

Makofi yalipigwa, na bendi ya shule ikapuliza tarumbeta.

"Na sasa, ili dunia ishuhudie, tutaifungua taarifa yake hapa hapa, mbele yenu!"

Sikudhani alipiga magoti. "Mheshimiwa, nakuomba kwa jina la mama aliyekuzaa, msiifungue! Nipeni mnachotaka kunipa, au msinipe kitu, lakini msiifungue! Mwanangu ananisubiri!"

Waziri aliguswa sana. Aliinama akaongea kwenye kipaza sauti, sauti ikimtetemeka. "Mnaona unyenyekevu huu? Anaona haya kusifiwa! Mama, usiogope. Inuka. Taifa linakuona."

Shuka lilijaa jina la Sikudhani kwa herufi za kijani. Watu walisoma, wakashangaa, wakashangilia. Kisha likatokea swali chini ya jina, kubwa kama mlango, na uwanja mzima ukalijibu kwa sauti moja kabla Waziri hajabonyeza: "Ndiyoooo!"

Alipewa kanga, cheti chenye fremu, na kitabu cha hotuba za Waziri. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba mama huyo alishindwa kujizuia kwa machozi ya furaha.

*

Tunu alijifungua kabla mwezi mwingine haujaisha. Alijifungua mikononi mwa jirani, mumewe akiwa njiani na mzigo wa saruji, na kwa rehema ya Mungu mama na mtoto wakatoka salama. Alikuwa mtoto wa kike.

"Mama, kama wewe huwezi kuja, nakuja mimi leo hii," alisema kwenye simu arobaini ilipotimia. "Mjukuu wako lazima umpakate."

"Usije!" Sikudhani aliruka. "Tunu, nisikilize. Huku kuingia ni rahisi. Ukiingia wataifungua taarifa yako, na huyo mtoto watamwingiza leo, awe ameguswa leo hiyo hiyo. Hamtatoka tena."

"Mama, mashine gani hiyo isiyotulia? Nitakaa huo mwezi mmoja, kisha nirudi kwa mume wangu. Hivi kweli hutaki kumwona mtoto?"

"Namtaka kuliko macho yangu, mwanangu, lakini—" Simu ilikatika. Alipojaribu kupiga, aliambiwa kwamba namba yake inahakikiwa.

Alikwenda darajani mbio, miguu mitupu. Upande wa kwake palikuwa na bango la KARIBUNI NYUMBANI, na chini ya bango alikaa ofisa kijana mwenye tabasamu, kompyuta yake iko wazi mezani. Ofisa alikuwa ameshaona watu wanaanza kuvuka kutoka ng'ambo.

"Shikamoo mama. Unampokea mgeni?"

Sikudhani alishika kizuizi cha chuma. Katikati ya wavukaji alimtambua Tunu kwa mwendo wake, amenenepa kidogo, amebeba mtoto kifuani kwa kitenge cha njano. Tunu naye akamwona mama yake, akaanza kukimbia huku anacheka.

"Rudi!" Sikudhani alipiga kelele. "Rudi, Tunu! Usivuke!"

Upepo wa mtoni ulikuwa mkali na malori yalikuwa yakinguruma. Tunu alipunga mkono akazidi kuja. Alidhani anaitwa.

"Ni mjukuu?" ofisa aliuliza kwa furaha, vidole tayari juu ya vitufe. "Mashallah! Anaitwa nani, tumwingize?"

Alama nyeupe iliyochorwa katikati ya daraja ndiyo iliyokuwa mpaka. Tunu alibakiza hatua za kuhesabika kuifikia. Sikudhani alijua mwanawe ni mkaidi, hasikii la kubembelezwa wala la kuelezwa, na kwamba kuna maneno ya aina moja tu yatakayomsimamisha. Akayasema, kwa sauti aliyokuwa hajawahi kuitumia kwa kiumbe yeyote.

"Sikutaki! Nani kakuita hapa? Umeniua kwa aibu zako! Mimi sina mtoto! Huyo kiumbe wako mpeleke huko huko kwa baba yake, usiniletee! Ukivuka huo mstari, basi mimi sikukuzaa, nakulaani!"

Wapita njia walisimama. Mwanamke mmoja aliyebeba kapu la samaki alisema astaghafirullah. Tunu alisimama kama aliyepigwa, midomo yake ikisema "Mama?" bila sauti kufika. Kisha akamfungua mtoto kwenye kitenge, akamnyanyua juu kwa mikono miwili, amwonyeshe hata kwa mbali, labda moyo wa bibi ungelainika. Lakini jua lilikuwa kali, na mtoto aligeuza uso upande wa pili, kwenye kivuli cha bega la mama yake. Sikudhani aliona kisogo tu, kidogo, cheusi, chenye nywele nyingi kama za marehemu mumewe.

"Toka!" alisema tena, kwa pumzi iliyobaki.

Tunu alimshusha mtoto, akamfunga, akageuka. Alitembea kurudi alikotoka, mabega yakimtikisika, wala hakutazama nyuma.

Ofisa kijana aliondoa vidole kwenye vitufe. Hakuwa mtu mbaya. Na yeye alikuwa na mama.

"Lakini mama, umefanya nini?" alisema. "Mwanao huyo atakuchukia mpaka kufa."

Sikudhani alikuwa bado ameshika chuma, akikifuata kitenge cha njano kwa macho mpaka kilipofika ng'ambo, kikaingia kati ya watu.

"Na anichukie," alisema. "Mradi anichukie akiwa kule."